Shajara ya mradi: alama ya CMD2 na upimaji wa virusi kwenye miche ya muhogo

Lengo

Mseto ni mmoja. Mama ni aina ya muhogo ya pwani ya Tanzania, tamu na inayokomaa mapema. Inavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, lakini batobato, ugonjwa mwingine wa virusi, huikunja majani tangu ikiwa changa. Baba ni kloni (mmea unaozalishwa kwa pingili bila kubadilika vinasaba) ya ukoo wa TMEB3, muhogo wa kienyeji wa Nijeria wenye kinga ya batobato iitwayo CMD2. Miche ya mseto huu itachujwa kwa alama, yaani sehemu ya DNA inayofuatana na jeni la kinga, ikiwa bado kitaluni, ili yenye CMD2 pekee ndiyo ipelekwe shambani. Huko ndiko itakakochaguliwa kwa macho na kwa kisu, kwa kuwa ustahimilivu wa michirizi ya kahawia bado hauna alama moja ya kutegemewa.

Tumechagua CMD2 kwa sababu ni kinga ya jeni moja yenye kutawala: mche ukiirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu unakingwa. Kinga ya zamani zaidi, CMD1, haina wepesi huo. Ilitokana na kazi ya kituo cha Amani, milima ya Usambara, ambako watafiti Storey na Nichols walianza miaka ya 1930 kuchavusha muhogo kwa mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, na kurudisha uzao wake kwa muhogo mara kadhaa. Kinga hiyo imetawanyika katika jeni nyingi, kwa hiyo alama moja haiwezi kuikamata. Nchi hii ina historia ndefu na magonjwa haya: batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Warburg mwaka 1894 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ikaelezwa na Storey mwaka 1936.

Juni na Julai: uchavushaji

Muhogo una maua jike na maua dume kwenye shada moja. Maua jike, yaliyo chini ya shada, hutangulia kufunguka kwa takribani wiki 1 hadi 2. Mpishano huo unasaidia, lakini hauzuii mmea kujichavusha, kwa sababu shada jingine la mmea uleule linaweza kuwa na maua dume yaliyokomaa siku hiyohiyo. Kwa hiyo ua jike linafunikwa kwa kifuko cha kitambaa chepesi kabla halijafunguka, linapakwa chavua mara linapofunguka, kisha linafunikwa tena. Chavua ya muhogo ni nzito na inanata. Haipeperushwi na upepo, ila nyuki wanaibeba vizuri, na kifuko kinawekwa kwa ajili yao hasa.

Siku chache baada ya kuchavusha, kifuko cha kitambaa kinabadilishwa na cha chandarua. Tunda linahitaji miezi 2 na nusu hadi 3 kukomaa, na likikauka hupasuka lenyewe na kurusha mbegu mbali. Kila tunda lina vyumba 3, kwa hiyo mbegu haziwezi kuzidi 3. Ukikuta 4 ndani ya kifuko, jua kuna tunda jingine lililoingizwa humo, na kifuko kizima kinaondolewa kwenye hesabu ya mseto.

Lebo ni mbili: moja kwenye kikonyo cha shada, nyingine ndani ya kifuko, zote kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua la pwani kabla mbegu hazijakomaa.

Novemba: kitaluni

Mbegu zilipumzishwa baada ya kuvunwa kabla ya kupandwa, maana mbegu mbichi ya muhogo huota kwa kusuasua. Joto la udongo ndilo linaloamua zaidi: kati ya nyuzi 30 na 35 za Selsiasi huota kwa kasi na kwa pamoja, na likishuka sana mbegu hulala. Trei zilifunikwa kwa plastiki nyeupe juani, zikafunuliwa kila adhuhuri ili unyevu usilete ukungu.

Kitalu kina chandarua cha matundu madogo kuzuia inzi weupe, Bemisia tabaci, wanaobeba virusi vya magonjwa yote mawili. Tunalisisitiza hili kwa sababu mche uliotoka kwenye mbegu huanza maisha bila virusi hivyo. Ukiambukizwa kitaluni, hakuna njia ya kujua baadaye kama dalili zake ni za kinga dhaifu au za kuwahiwa ungali mchanga mno.

Desemba: majani ya sampuli

Kila kipimo kina jani lake, na kulichagua si jambo la kubahatisha.

Kwa alama ya CMD2, jani linalofaa ni la kwanza au la pili kutoka kileleni, lisilokunjuka kikamilifu. Seli zake ni ndogo na nyingi, hivyo DNA ni nyingi kwa kila gramu, huku wanga na fenoli vikiwa bado havijajilimbikiza. Jani lililokomaa hutoa ute unaovutika kama bamia, na ute huo ndio unaoua PCR, yaani kazi ya kuzidisha kipande cha DNA kwenye mashine.

Kwa virusi vya batobato, vinavyoonyesha dalili kwenye majani machanga, jani hilohilo la juu linatosha. Virusi vya michirizi ya kahawia vinataka jani la chini lililokomaa, kwa kuwa umanjano unaofuata mishipa huonekana huko na virusi havikusambaa sawasawa mwilini mwa mmea. Jani moja la kileleni likitoa jibu la «hakuna virusi» vya michirizi, jibu hilo halina uzito. Hapa tunachukua vipande kutoka majani 3 ya chini na kuviunganisha kuwa sampuli moja.

Miligramu 100 za jani bichi zinatosha. Sampuli zinazosafiri zinakaushwa kwa silika jeli, uzito wa silika ukiwa angalau mara 10 ya uzito wa jani, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Jani linapaswa kuvunjika kama karatasi kavu ifikapo kesho yake. Likiwa bado linapinda na limeanza kuwa kahawia, vimeng'enya vimeshaikata DNA na hakuna bafa (maji ya dawa ya kutolea DNA) itakayoirudisha. Jani kavu likishapatikana, miligramu 20 ndizo zinazolingana na zile 100 za jani bichi.

Januari: kutoa DNA

Njia ni ile ya CTAB, aina ya sabuni, iliyorekebishwa kwa ajili ya muhogo. Bafa ya mililita 100:

CTAB gramu 2. NaCl gramu 11.7, yaani mola 2 badala ya 1.4 iliyozoeleka. Tris ya mola 1 yenye pH 8.0, mililita 10. EDTA ya mola 0.5 yenye pH 8.0, mililita 4. PVP-40 gramu 2. Maji safi hadi mililita 100. Pasha moto hadi nyuzi 65 ndipo CTAB iyeyuke yote. Beta-merkaptoethanoli inaongezwa muda mfupi kabla ya kutumika, mikrolita 20 kwa kila mililita ya bafa, chini ya kabati la kuvuta hewa. Bafa iliyokwisha kuchanganywa nayo haihifadhiwi hadi wiki ijayo, kwa sababu nguvu yake ya kuzuia fenoli inapungua.

Kila kiambato kina kazi yake, na anayeijua atajua cha kubadilisha mambo yakiharibika. CTAB inavunja utando wa seli. Chumvi nyingi inaiacha DNA ndani ya maji huku CTAB ikishikana na protini na sehemu ya wanga. Chumvi ikishuka chini ya takribani mola 0.5, CTAB inaikamata DNA yenyewe na kuizamisha nayo. EDTA inanyang'anya vimeng'enya vya kukata DNA magnesiamu vinayoihitaji. PVP inanasa fenoli, na merkaptoethanoli inazizuia zisioksidike na kugeuka rangi ya chai. Ukiona kidonge cha DNA (kile kinachotua chini ya tyubu mwishoni) ni cha kahawia, chunguza hizo mbili za mwisho kwanza.

Hatua zenyewe. Saga jani kwa kinu kidogo au kwa shanga za chuma hadi liwe unga. Mimina mikrolita 700 za bafa iliyopashwa nyuzi 65 mara moja, kabla unga haujaanza kulowa. Acha kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 45, ukipindua tyubu kila baada ya dakika 10. Acha ipoe kidogo, ongeza mikrolita 700 za klorofomu na alkoholi ya isoamili, 24 kwa 1, kisha pindua taratibu kwa dakika 5 hadi 10. Usitikise kwa nguvu, kwani DNA ndefu hukatika. Zungusha kwa 12,000 g kwa dakika 10, kwenye joto la kawaida la chumba. Sentrifuji ikiwa imepozwa hadi nyuzi 4, CTAB huganda na kuwa unga mweupe katikati ya tabaka, na wengi hudhani ni protini.

Chukua mikrolita 450 za tabaka la juu na usiwe na tamaa ya zile za mwisho zilizo karibu na utando mweupe. Kama utando ni mnene, rudia klorofomu.

Hapa sampuli inagawanyika. Mikrolita 450 hizi ni za DNA. Sampuli inayohitajika pia kwa virusi vya michirizi ya kahawia, ambavyo ni vya RNA, inasagwa kwenye tyubu ya pili, na tyubu hiyo haiguswi na RNase, kimeng'enya cha kukata RNA, kamwe. Zinatengwa kwa rangi ya kifuniko, kwa sababu tone moja la RNase likipotea njia linafuta ushahidi wote wa michirizi ya kahawia.

Kwa upande wa DNA: RNase A ya miligramu 10 kwa mililita, mikrolita 3, nyuzi 37, dakika 30. Kisha NaCl ya mola 5, nusu ya ujazo, yaani mikrolita 225. Kisha isopropanoli baridi, mikrolita 400. Chumvi hii ya ziada ndiyo siri ya muhogo: wanga hubaki umeyeyuka ndani yake wakati DNA inazama. Dakika 30 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri zinatosha. Ikikaa usiku kucha chumvi nayo inazama na kidonge kinakuwa kikubwa kwa udanganyifu. Zungusha dakika 10, osha mara 2 kwa ethanoli ya asilimia 70, mikrolita 500 kila mara. Kausha kwa hewa dakika 10 hadi 15 tu, maana kidonge kilichokauka kupita kiasi kinagoma kuyeyuka. Yeyusha kwenye mikrolita 50 za Tris ya milimola 10, pH 8.0, yenye EDTA ya milimola 0.1. TE, bafa ya kawaida ya Tris na EDTA, ina EDTA ya milimola 1, na DNA ikiwa hafifu kiasi cha kulazimisha kutia ujazo mkubwa, EDTA hiyo inainyang'anya PCR magnesiamu.

Usalama ni wa lazima: klorofomu inayeyusha plastiki ya polistairini, hivyo tyubu ziwe za polipropilini, na taka zake ziende kwenye chupa ya kioo yenye lebo, zisimwagwe sinki.

Januari, mwishoni: kusoma ubora

Uwiano wa 260/280, yaani mwanga wa nanomita 260 unaonyonywa na sampuli ukigawanywa kwa ule wa 280, ukiwa karibu na 1.8 unatuliza moyo bila kuthibitisha kitu. Kwenye muhogo, wa kutazamwa ni 260/230. Chini ya 1 kuna wanga, fenoli au mabaki ya CTAB. Tunautaka uvuke 1.8. Kundi la kwanza la sampuli, zilizotolewa kwa chumvi ya mola 1.4 bila nyongeza kabla ya isopropanoli, lilikuwa na 260/280 nzuri na 260/230 mbovu, na jeli, ambamo umeme huvuta DNA na kuitenganisha kwa ukubwa, ilionyesha DNA ikikwama kwenye visima bila kushuka. Huo ni wanga. Sampuli hizo ziliyeyushwa upya kwenye NaCl ya mola 2, zikazamishwa tena kwa isopropanoli, nyingi zikapona.

Kipimo cha mwanga huzidisha kiasi cha DNA kukiwa na RNA au CTAB, kwa hiyo kila kundi linapitishwa pia kwenye jeli ya agarozi ya asilimia 0.8 pamoja na DNA ya lambda ya kiasi kinachojulikana. Bendi moja nzito juu ni sawa. Moshi unaoteremka hadi chini ni DNA iliyokatika, na chanzo chake mara nyingi ni jani lililochelewa kukauka.

Jaribio rahisi la kutafuta kizuizi: PCR ya DNA isiyozimuliwa na ya DNA iliyozimuliwa mara 10, bega kwa bega. Ikifanya kazi iliyozimuliwa tu, tatizo ni uchafu. Albumini ya BSA, mikrogramu 0.2 kwa mikrolita, huokoa sampuli za katikati.

Februari: je, miche ni ya mseto kweli?

Kabla ya kuuliza mche una CMD2 au hauna, tunauliza baba na mama yake ni nani. Muhogo una kromosomu 36, jozi 18, na mwili wake umejaa aleli (sura za jeni moja) mbili tofauti kila mahali, kwa hiyo miche ya tunda moja haifanani hata kidogo na macho hayawezi kuthibitisha uzazi.

Kanuni ni hii: tafuta alama ambapo mama ana AA na baba BB. Mtoto halali lazima awe AB. AA ni mche uliojichavusha. Mwenye aleli ambayo haipo kwa mzazi yeyote ni wa nyuki. Alama chache zilizotawanyika kwenye kromosomu tofauti zinatosha kuwaondoa wengi, lakini alama moja haitoshi, kwa kuwa chavua ya nje nayo inaweza kubeba B.

Vifuko vya mstari ulio ukingoni mwa shamba, upande wenye muhogo wa majirani, ndivyo vilivyotoa miche mingi ya baba wa nje. Iliondolewa yote, hata ile iliyokuwa na afya ya kutamanisha. Ukiiacha ndani, uwiano wa kurithi hauna maana tena, na baadaye hutajua kinga ilitoka wapi.

Wazazi wenyewe walipimwa kwa alama hizohizo kutoka mimea kadhaa ya kila shina-mama. Majina ya muhogo hayaaminiki: Namikonga ya Tanzania na Kaleso ya Kenya, zilizotunzwa miaka mingi kama aina mbili, kwa vinasaba ni kloni ileile. Kinyume chake hutokea pia, jina moja kubeba kloni tofauti kutoka kijiji hadi kijiji.

Machi: alama ya CMD2

CMD2 iko kwenye kromosomu ya 12. Alama za mwanzo, kama RME1, NS158 na SSRY28, ziko karibu na jeni bila kuwa jeni lenyewe. RME1 ina udhaifu mwingine: inasomwa kwa kuwapo au kukosekana kwa bendi, na bendi huweza kukosekana kwa sababu mche hauna kinga au kwa sababu PCR imekufa. Maabara yenye jeli pekee inaweza kuitumia, mradi ndani ya tyubu hiyohiyo kuwe na praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za jeni jingine ambalo kila muhogo unalo. Bendi ya jeni hilo isipotoka, mche haupewi jibu.

Mradi unatumia alama ya nukta moja, S12_7926132, kwa mfumo wa KASP, yaani PCR inayotambulisha aleli kwa rangi za mng'aro. Faida yake ni kutofautisha aleli zote mbili, hivyo mche usio na kinga unatoa mng'aro wake wenyewe na haujifichi nyuma ya kimya. Ujazo ni mikrolita 10: DNA mikrolita 5 yenye nanogramu 5 kwa kila mikrolita, mchanganyiko mkuu mikrolita 5, praima za alama mikrolita 0.14. Nyuzi 94 dakika 15. Kisha mizunguko 10 ya nyuzi 94 kwa sekunde 20 na nyuzi 61 kwa dakika 1, ikishuka nyuzi 0.6 kila mzunguko hadi 55. Kisha mizunguko 26 ya nyuzi 94 sekunde 20 na nyuzi 55 dakika 1. Kusoma kunafanyika chini ya nyuzi 40. Usomaji wa joto la juu hutoa wingu moja lisilogawanyika, na hitilafu hiyo huonekana kama tatizo la DNA wakati ni la ratiba ya mashine.

Kila sahani ina wazazi wote wawili, mche unaojulikana kuwa na aleli mbili tofauti, na visima vya maji matupu. Nukta zinazoning'inia kati ya makundi hazilazimishwi kuingia kundi lolote. Karibu zote zilikuwa na 260/230 ya chini, na DNA ilipozimuliwa zilihamia mahali pake. Makundi yakiwa bado hayajatengana, mizunguko 3 ya ziada huwa inatosha.

Umeme ukikatika katikati ya mizunguko na mashine ikarudi kuendelea yenyewe, sahani inarudiwa. Kisima kilichokaa kwenye joto la chumba kwa muda usiojulikana hakifai kuamulia mche.

Baba ana nakala moja ya aleli ya kinga, mama hana. Matarajio ni nusu kwa nusu. Miche halali ilipogawanywa, kai-mraba, kipimo cha takwimu cha tofauti kati ya hesabu na matarajio, kwa digrii 1 ya uhuru ilibaki chini ya 3.84, kwa hiyo uwiano wa 1 kwa 1 haukukataliwa. Kwenye hesabu ya kwanza, kabla ya kuondoa miche ya nje, uwiano ulikuwa umeinamia upande wa wasio na kinga. Mteremko wa namna hiyo ni dalili nzuri ya kujichavusha: kila mche uliojichavusha kutoka kwa mama huyu unaongeza upande mmoja tu wa mizani.

Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko kwenye jeni la MePOLD1, linalotengeneza sehemu ya kimeng'enya cha kunakili DNA, yanaambatana na kinga ya aina ya CMD2. Jambo hili lina mantiki ya kupendeza: virusi vya batobato ni virusi vya DNA visivyo na kimeng'enya chao cha kunakilia, vinategemea vya mmea. Kwa mradi huu maana yake ni ya kivitendo. Alama iliyo jirani inaweza kutengana na jeni pale kromosomu zinapobadilishana vipande, na mabadiliko ndani ya MePOLD1 si yaleyale kwa kila aina yenye kinga. Alama iliyothibitishwa kwa ukoo wa TMEB3 haipaswi kuhamishiwa kwa baba mwingine bila kuijaribu upya kwa uzao wake.

Juni: shambani, virusi na dalili

Miche yenye CMD2 ilipandwa pamoja na kikundi kidogo cha ndugu zao wasio nayo, kwa makusudi. Bila hao hakuna njia ya kujua kama virusi vilifika. Kati ya mistari kuna aina inayoshika ugonjwa haraka, iliyopandwa kutoka pingili zenye virusi. Aina za rejea kwa michirizi ni Namikonga, Kiroba na Albert: ya kwanza kwa kinga, ya pili kwa uvumilivu, ya tatu kwa udhaifu.

Dalili zinapewa alama 1 hadi 5, kwa batobato na kwa michirizi kila moja peke yake, mmea kwa mmea. Wastani wa mstari unaficha mambo: 1 na 5 zikichanganywa zinazaa 3 ambayo haipo shambani.

Virusi vya batobato vinapimwa kwa DNA ya majani ya shambani, iliyotolewa kwa njia ileile ya CTAB. Praima JSP001 na JSP002 zinatoa kipande cha jozi za besi 774 kwa ACMV, kirusi kimoja cha batobato. JSP001 na JSP003 kipande cha 780 kwa EACMV, kirusi kingine cha batobato. Tofauti ya 6 haionekani kwenye jeli, hivyo ni tyubu mbili tofauti, kamwe si moja.

Michirizi ya kahawia inahitaji RNA. Kutoka kwenye ile tyubu ya pili isiyoguswa na RNase, RNA inazamishwa kwa kloridi ya lithiamu: theluthi moja ya ujazo kutoka chupa ya mola 8, ili mwisho iwe mola 2, usiku mzima kwenye nyuzi 4. Inageuzwa kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, kwa praima ya oligo-dT, kwa kuwa RNA ya virusi hivi ina mkia wa A, kisha PCR kwa CBSDDF2 na CBSDDR. Kipande cha jozi za besi 344 ni CBSV, kirusi kimoja cha michirizi. Cha karibu 440 ni UCBSV, kirusi cha pili. Vyote viwili pamoja ni maambukizi mseto. Hapa ukubwa unatofautiana vya kutosha kwenye agarozi ya asilimia 1.5. Jeni moja la muhogo wenyewe linapimwa kutoka cDNA hiyohiyo, maana RNA iliyooza hutoa jeli safi inayofanana kabisa na ya mmea usio na virusi.

Yaliyoonekana hadi sasa: ndugu wasio na CMD2 wamekunja majani, kwa hiyo shinikizo la batobato lipo. Mimea yenye CMD2 mingi ni safi. Michache ilionyesha madoa kwenye majani ya kwanza, kisha ikatoa majani safi juu yake. Hiyo ni tabia inayojulikana ya CMD2, na anayepima mapema mara moja tu atawahukumu vibaya. Mmea wenye alama na dalili zinazozidi badala ya kupungua unatolewa sampuli upya kutoka shambani, DNA mpya na alama mpya, kabla ya kuzungumza habari za kromosomu zilizobadilishana vipande. Lebo zilizopishana ni za kawaida zaidi.

Mimea isiyo na CMD2 na isiyo na dalili haihesabiwi kuwa na kinga. PCR ikionyesha haina virusi, imeponyoka tu.

Upande wa michirizi, majani hayatabiri mizizi. Mmea wenye majani yaliyoharibika unaweza kuwa na mizizi mizuri, na kinyume chake. Uamuzi unasubiri mavuno ya miezi 12, kila mzizi ukikatwa vipande kadhaa kwa upana na kuangaliwa uozo wa kahawia.

Agosti: kusafisha na kuzidisha kloni zilizoteuliwa

Kloni zinazotangulia zinaingizwa kwenye chupa za kukuzia tishu mapema, kabla hazijachukua virusi vingi. Mimea inakaa kwanza kwenye joto la nyuzi 36 hadi 38 mchana kwa wiki kadhaa, kisha kilele cha ukuaji cha milimita 0.2 hadi 0.5 kinakatwa chini ya darubini. Kikiwa kikubwa zaidi kinaota kwa urahisi lakini hubeba virusi. Kikiwa kidogo zaidi kinakufa. Chakula ni MS (mchanganyiko wa madini kwa mimea ya chupani) chenye sukari gramu 20 kwa lita, pamoja na homoni za mimea: BAP miligramu 0.04, GA3 miligramu 0.05, NAA miligramu 0.02, pH 5.8, nyuzi 121 kwa dakika 15. GA3 inaharibika kwa joto, kwa hiyo inachujwa kwa chujio la mikromita 0.22 na kuongezwa chakula kikishapoa kiasi cha kushikika.

Kuzidisha ni kwa pingili ndogo zenye jicho, kutoka shina moja hadi jingine. Njia ya kupitia donge la seli na viinitete vya mwilini imezuiliwa kabisa katika mradi huu, ingawa ingezalisha miche mingi kwa haraka: imethibitishwa kwamba mihogo yenye CMD2 iliyopitishwa huko hupoteza kinga yake. Kinachofanya jambo hili kuwa hatari ni kwamba alama iliyo jirani na jeni hubaki palepale. Chupa ingetoa jibu la KASP lililo sahihi, na shamba lingejaa batobato.

Mimea ya kwanza kutoka chupani imepimwa virusi vya aina zote mbili na inazoezwa hewa ya nje kwa wiki ya kwanza chini ya plastiki, unyevu ukipunguzwa kidogo kidogo. Kipimo cha pili cha virusi kinafanyika ikishakua vizuri kwenye udongo, kwa majani ya chini, maana kiasi kidogo cha virusi kilichobaki hakionekani kwenye mche wa chupani.

Yaliyobaki: kukata mizizi ifikapo miezi 12, kusoma MePOLD1 ya baba na ya mimea ile yenye alama lakini yenye dalili zinazozidi, na kupima sayanidi kwenye mizizi ya kila kloni kabla haijapelekwa kwa mkulima yeyote kuonjwa.